Bampa la Kaka Yangu: Chungwa au Sarafu?

Mwanafunzi yeyote aliyepitia darasa la nadharia ya uhakiki anaujua mjadala wa fani na maudhui. Wapo wanaosema kuwa viwili hivi ni kama chungwa: fani ni ganda, maudhui ni nyama ya ndani, na ganda laweza kumenywa likatupwa huku nyama ikibaki salama. Wapo wanaotumia mfano wa kikombe na chai. Wapo pia wanaoikataa mifano hiyo yote miwili na kusema kuwa fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja: huwezi kuukwangua upande mmoja ukabaki na pesa mkononi. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni hapa Kampala, mimi nilikuwa mtu wa chungwa. Nilisimama darasani nikautetea mfano huo, na wenzangu wa upande wa sarafu hawakunishinda. Kilichonishinda ni bampa la mbele la gari la kaka yangu, na katika makala haya nakusudia kueleza jinsi lilivyonishinda.

Huenda msomaji akauliza bampa linaingiaje katika mkusanyiko wa insha za wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba bampa lililoundwa kwa mkono ni kazi ya sanaa kama kinyago au mkeka. Lina msanii, lina malighafi, lina mapokeo yake, na lina hadhira inayolitazama barabarani kila siku na kulitolea hukumu. Linachokosa ni uhakiki. Watu husema "limetoka" au "halijatoka", kisha wakaenda zao. Hukumu ya namna hiyo niliwahi kuitoa mimi mwenyewe, na nitaeleza iligharimu nini.

Kaka yangu ni dereva wa teksi ya kukodi. Gari lake ni Toyota Premio, lililokuja likiwa limetumika kutoka Japani kama yalivyo magari mengi ya hapa kwetu. Gari hilo ndilo lililokuwa likilipa kodi ya nyumba, chakula cha watoto wake, na karo yangu. Jioni moja aligonga nguzo ya lango akirudi nyumbani, bampa likapasuka upande wa kushoto na vishikizo vyake vikakatika. Alikwenda katika Soko la Kisekka, ambako watu wa Kampala huenda kutafuta vipuri, akaulizia bampa la asili lililotumika. Bei haikumpendeza. Ndipo fundi wa gereji moja alipomwambia kuwa kwa shilingi 350,000 angemtengenezea bampa la faibaglasi, tena si la kufanana na lile la zamani, bali la umbo atakalolichagua mwenyewe.

Kaka alikuwa na umbo hilo kichwani tangu utotoni. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya The Fast and the Furious: Tokyo Drift. Sisi tuliiona miaka kadhaa baadaye katika kibanda cha video cha mtaani kwetu, mfasiri akiisimulia kwa Kiluganda juu ya sauti za waigizaji. Ndani yake mna Mazda RX-7 ya rangi ya chungwa na nyeusi, iliyovalishwa mwili mpya na kampuni ya Kijapani ya VeilSide. Gari lile halifanani tena na Mazda iliyotoka kiwandani: uso wake umetanuka, umeinama karibu na lami, na mdomo wake uko wazi kama wa samaki anayemeza maji. Kaka aliichora katika madaftari yake yote ya shule. Sasa, akiwa mtu mzima mwenye familia, aliambiwa kuwa uso wa namna ile unaweza kuwekwa kwenye Premio yake. Angekataaje?

Nilikwenda gerejini siku mbili za kazi hiyo, na sitaki kumdharau fundi, kwa sababu nilichokiona kilikuwa ustadi. Bampa la zamani liliungwa kwa skrubu na vipande vya mbao ili lirudi katika umbo lake. Juu yake fundi akajenga umbo jipya kwa sponji ngumu, akiichonga kwa kisu na msumeno hadi mdomo wa samaki ukaonekana. Kisha akatandika mikeka ya nyuzi za kioo na kuipaka kwa brashi resini iliyochanganywa na hadina. Mchanganyiko huo una sheria kali. Hadina ni kidogo sana, takriban sehemu moja au mbili kwa sehemu mia za resini. Ikizidi, resini hupata moto na kuganda ndani ya mkebe kabla ya kutumika. Ikipungua, bampa hubaki linanata. Katika jua la mchana fundi ana dakika chache tu za kufanya kazi, naye huugongagonga mkeka kwa ncha ya brashi ili hewa yote itoke, maana kila kiputo kinachobaki ndani ni mahali ambapo ufa utaanzia. Baada ya kukauka ni msasa, puti, msasa tena, praima, msasa laini wa maji, na mwishowe rangi.

Harufu ya resini ile huingia puani na kukaa siku nzima. Vumbi la msasa wake ni vipande vidogo vya kioo vinavyowasha ngozi, navyo si vya kuvuta mapafuni. Fundi alijifunga kitambaa usoni. Kijana wake hakufunga kitu. Nalitaja jambo hili kwa sababu uhakiki unaotazama kazi bila kumtazama aliyeifanya ni nusu ya uhakiki.

Siku gari lilipotoka, kaka aliliegesha mbele ya nyumba, akashuka, akaniita. "Mwalimu," aliniambia, maana ndivyo anavyonitania tangu nilipoanza kusoma Kiswahili, "wewe ndiye msomi wa uhakiki. Hebu nihakikie hili."

Nililizunguka gari mara mbili. Nilisifu mstari unaotoka kwenye pembe ya taa na kushuka hadi chini bila kukatika. Nilisifu uwiano wa pande mbili. Nilisema umbo limeazimwa kutoka mbali lakini limezungumzishwa lugha ya hapa. Mwishoni nikatoa sentensi niliyojivunia: kwamba ganda limebadilika, lakini chungwa ni lile lile. Kaka alicheka kwa furaha akanipa soda. Sikuinama kutazama chini ya gari, wala sikuuliza kulikuwa na nini nyuma ya ule mdomo.

Kwa muda wa wiki sita nilionekana nimesema kweli. Vijana waliomba kupiga picha na gari. Abiria waliokuwa wakisimama mbele ya teksi tano walianza kumchagua yeye, na kipato chake kiliongezeka kidogo. Jambo hili lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo wasomi wanaodhani kuwa mtu mwenye kipato kidogo akirembesha gari lake anapoteza pesa kwa upuuzi. Abiria huchagua kwa macho kabla ya kuuliza bei. Gari lenye uso uliopasuka humwambia abiria kuwa huenda breki nazo hazijatazamwa. Urembo ulikuwa na kazi, na kazi hiyo uliifanya.

Wiki ya saba, asubuhi ya mvua, katika foleni ya kuteremka kilima, mguu wake uliteleza kidogo kwenye breki na gari likasogea hadi likagusa nyuma ya pikapu. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Pikapu hiyo ilikuwa na ndoano ya chuma ya kuvutia trela. Bampa lilipasuka kuanzia puani hadi kwenye taa kwa mlio kama wa sahani inayoanguka sakafuni. Ndoano ikapita katika mdomo wa samaki, ikatoboa kondensa ya kiyoyozi na rejeta iliyo nyuma yake, na maji ya moto yakamwagika barabarani. Hakuna aliyeumia. Dereva wa pikapu alishuka, akatazama gari lake, hakuona hata mchubuko, akampa kaka pole na kuondoka.

Gari lilikaa uani wiki tano. Karo yangu ya muhula huo haikulipwa kwa wakati, sikuruhusiwa kuingia katika mtihani wa fonolojia, nikaufanya mwaka uliofuata pamoja na wadogo zangu. Lakini kilichoniuma zaidi ni kile alichokionyesha fundi aliyekuja kuling'oa bampa lililovunjika. Alipanua vipande kwa mikono, akachungulia, akauliza, "Boriti iko wapi?" Palikuwa na matundu ya bolti na hewa tupu.

Hapa inanibidi nieleze bampa ni nini hasa, kwa sababu mimi sikujua, na nadhani wasomaji wenzangu wengi hawajui. Kile tunachokiona na kukiita bampa ni ganda tu, na katika magari ya kisasa kwa kawaida ni la plastiki laini inayoweza kubonyea na kurudi. Nyuma ya ganda hilo, katika magari mengi, kuna sponji ngumu au plastiki ya kupunguza mshtuko. Nyuma yake kuna boriti, ya chuma au alumini, inayokwenda kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine na kufungwa kwa bolti kwenye mikono miwili ya fremu. Gari linapogongwa kwa mwendo mdogo, boriti ndiyo inayopokea pigo, ikaligawa pande mbili na kulipeleka kwenye fremu, ili rejeta na taa zisalimike. Ganda lina kazi yake pia: hupitisha hewa kwenda kwenye rejeta, na pamoja na ile sponji humhurumia mtu kidogo iwapo mguu wake ndio utakaoguswa.

Gereji iliyotengeneza bampa la kaka iliitoa boriti. Fundi alipoulizwa hakukana. Alisema kuwa pua mpya ilikuwa fupi na mdomo wake ulikuwa mkubwa, hivyo kile chuma kingeonekana katikati ya mdomo na kuharibu sura; tena kaka mwenyewe aliona kikifunguliwa. Kaka naye hakukana. Alikiona, akadhani ni kipande cha bampa la zamani. Boriti ilikwishauzwa pamoja na vyuma chakavu. Hivyo tulikuwa watu watatu tuliolipitisha bampa lile: mmoja alilijenga, mmoja alililipia, na mmoja, mwenye elimu ya kuhakiki, alilisifu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tumezoea kuitumia kuwakemea watu wanaopenda kujipamba. Lakini mkakasi una afadhali, maana ndani yake mna hicho kipande cha mti. Ndani ya bampa letu hamkuwa na kitu.

Sasa nirudi kwenye mjadala wa darasani. Kwa mtazamo wa haraka, bampa linaonekana kuuthibitisha mfano wa chungwa kuliko kazi yoyote ya fasihi. Lina ganda ambalo kweli linavulika, lina nyama ya sponji, na lina kokwa ya chuma. Nani atakataa kuwa ganda hilo laweza kubadilishwa bila kuigusa kokwa? Hivyo ndivyo alivyoamini fundi, hivyo ndivyo nilivyoamini mimi, na ndiyo sababu sentensi yangu ya kujivunia ilinitoka kwa urahisi. Lakini umbo lililotakiwa halikukaa nje ya kokwa. Mdomo mkubwa ulidai nafasi, pua fupi ilidai nafasi, na nafasi hiyo ilipatikana kwa kuitoa boriti. Fani iliyafukuza maudhui. Kama kweli vitu hivi vingekuwa ganda na nyama, badiliko la ganda lisingeweza kuila nyama.

Historia ya mabampa nayo inatufundisha hivyo hivyo kutoka upande wa pili. Nchini Marekani, sheria iliyoanza na magari ya mwaka wa modeli 1973 ilidai kwamba bampa la mbele listahimili pigo la mwendo wa maili 5 kwa saa, takriban kilomita 8, bila taa na sehemu nyingine za usalama kuharibika. Haikusema neno lolote kuhusu uzuri. Hata hivyo sura za magari zilibadilika. Gari dogo la Kiingereza, MGB, lililojulikana kwa bampa lake jembamba linalong'aa, lilianza mwaka 1974 kutoka kiwandani likiwa na mabampa makubwa meusi ya mpira mbele na nyuma. Wapenzi wengi wa gari hilo hawakuyapenda, na hadi leo wapo wanaoyang'oa na kurudisha yale membamba. Kazi ilibadilika, uso ukabadilika. Na mwaka 1982, Marekani ilipoushusha mwendo huo hadi maili 2.5, wasanifu walipata tena uhuru wa kuyafanya mabampa kuwa madogo.

Nisije nikaeleweka kuwa naishtaki faibaglasi. Chevrolet Corvette ya mwaka 1953, ambayo yalitengenezwa magari 300 tu mwaka huo, yote meupe, ilikuwa na mwili wa faibaglasi. Lakini mwili ule ulikaa juu ya fremu ya chuma. Waliolitengeneza hawakuidai faibaglasi iwe kile isichoweza kuwa. Faibaglasi hukubali umbo lolote, haipati kutu, na fundi anaweza kuifanya uani kwake bila mashine kubwa. Udhaifu wake ni kwamba hairudi ikisukumwa. Plastiki ya kiwandani hubonyea. Faibaglasi hustahimili hadi kikomo chake, kisha ikapasuka. Fundi anayeujua udhaifu huo huujengea msaada, na asiyejali huufunika kwa puti.

Jambo hili nililiona katika bampa la pili. Mwenzangu wa darasani alitupeleka kwa mzee mmoja ambaye katika ujana wake alifanya kazi Nairobi kwenye karakana za kuunda miili ya matatu, na Kiswahili chake bado kina ladha ya huko. Kaka alianza kumwonyesha picha ya Mazda kwenye simu. Mzee hakuitazama.

"Ngoja kwanza, ssebo," alisema. "Chuma kiko wapi?"

Kaka akaeleza. Mzee akatikisa kichwa, akamtuma Kisekka kutafuta boriti iliyotumika ya gari lile lile, na akakataa kugusa resini hadi boriti ilipofungwa kwa bolti zake. Kisha akachukua kipande cha chaki na futi. Alipima umbali kutoka kwenye boriti hadi mahali pua itakapoishia, akaacha nafasi ya sponji, akaweka alama. Ndipo akaomba kuiona picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia mimi, si kaka, "Kijana, sura hii naijua. Lakini gari hili si lile. Tutafanya yake."

Alichofanya ni hiki. Kwa kuwa boriti ingeonekana katikati ya mdomo mmoja mkubwa, aliugawa mdomo mara mbili: tundu jembamba juu, tundu pana chini, na kati yake ukanda wa faibaglasi unaopita sawasawa na boriti na kuificha. Pua ikawa ndefu kidogo kuliko ya bampa la kwanza. Nyuzi aliziweka tabaka tatu, na kwenye pembe nne. Mahali bolti zinapopita alifukia vipande vya bati kati ya tabaka, kwa sababu faibaglasi huchanika kuanzia kwenye matundu. Puti yake ilikuwa nyembamba kama siagi kwenye mkate wa hosteli. Kabla ya kupaka rangi aliligeuza bampa kifudifudi, akaniita nione upande wa nyuma. Nyuzi zilikuwa zimelowa resini sawasawa, hakuna sehemu nyeupe iliyokauka, hakuna viputo. "Mbele ni ya wateja," alisema. "Fundi mwenzako humtazama huku nyuma."

Sasa nilihakiki bampa hilo kwa haki. Lina kasoro. Pembe ya kushoto imeshuka kwa upana wa kidole, na ukilinganisha nafasi kati yake na boneti pande zote mbili utaiona. Rangi haikuoana kabisa na milango, hasa wakati wa jioni. Ni zito kuliko la plastiki. Siku ya kwanza kaka hakulipenda. Alisema gari linaonekana kama mtu aliyebana midomo. Gharama yake, pamoja na boriti, ilizidi kwa mbali ile ya bampa la kwanza, na aliilipa kwa awamu. Bado ni faibaglasi, na likigongwa vya kutosha litapasuka. Mzee mwenyewe alimwonya kaka kuwa siku hiyo asikimbilie puti, bali alirudishe liongezwe nyuzi.

Pamoja na kasoro hizo, nasema bila kusita kuwa hili ndilo bora, na sisemi hivyo kwa sababu ya usalama peke yake. Lingekuwa bora kwa ajili ya usalama tu, ningekuwa bado mtu wa chungwa: ningesema ganda la kwanza lilikuwa zuri, kokwa ya pili ndiyo nzuri. Ule ukanda unaougawa mdomo ndio mstari unaolipa gari zima tabia yake. Unaziunganisha taa mbili, unaufanya uso utulie, na macho hurudi hapo kila mara. Mstari huo usingezaliwa bila boriti. Mzee hakuupamba uso kisha akaupa kazi. Kazi ndiyo iliyomwambia uso uweje. Katika bampa la kwanza fani iliyafukuza maudhui, na katika la pili maudhui yalizaa fani. Mara zote mbili, kilichofanywa upande mmoja kilitokea upande wa pili. Hiyo ni sarafu.

Mhakiki mwenzangu anaweza kunipinga akisema kuwa nimechanganya maudhui na matumizi: boriti haina ujumbe, na bampa halisemi lolote. Naikubali tofauti hiyo kwa sehemu. Lakini nadhani bampa husema jambo moja, na hulisema kwa kila anayelitazama: kwamba hapa mbele pana kitu cha kupokea pigo. Abiria anayeketi nyuma yake analiamini neno hilo bila kulichunguza, na anayevuka barabara pia. Bampa lisilo na boriti linalisema neno lile lile kwa sauti ile ile, tena kwa ufasaha zaidi, ilhali si kweli. Ndiyo maana sikubali kuliita zuri lenye upungufu. Uzuri wake wenyewe ulikuwa sehemu ya uongo.

Kutokana na hayo, nina maoni matatu kwa anayetaka kuzihakiki kazi za mafundi wetu, na ningependa wenzangu tuzihakiki, kwa maana ziko nyingi na zinastahili. Kwanza, tutazame nyuma kabla ya mbele. Nyuma ya bampa ndiko fundi huacha mwandiko wake: unene wa nyuzi, viputo, mahali pa bolti. Pili, tuulize kilichotolewa, si kilichoongezwa tu. Kazi ya kuiga kitu cha mbali hupimwa pia kwa kile ilichokitupa ili sura ipatikane. Tatu, tumtaje fundi na hali yake ya kazi, kwa sababu anayelipwa kidogo kwa haraka atatumia puti nyingi na nyuzi chache, na hapo lawama si yake peke yake. Mteja anayeitaka sura ya Tokyo kwa shilingi 350,000 naye ni mtunzi wa kazi hiyo.

Na mhakiki je? Nimelifikiria swali hili zaidi ya mengine yote. Kaka aliniuliza nikiwa msomi, nikamjibu nikiwa mtazamaji. Nilitumia istilahi zote nilizofundishwa, mstari, uwiano, uazimaji, na zote zilikuwa sahihi, lakini hakuna hata moja iliyonifanya niiname. Naogopa kwamba baadhi ya insha zetu za darasani tunaziandika hivyo hivyo: jina la nadharia mbele, limepigwa rangi vizuri, na nyuma yake hoja imekwishafunguliwa na kuuzwa chakavu. Yangu ya mwaka wa pili kuhusu chungwa ilikuwa hivyo. Nilipata alama nzuri.

Mwezi uliopita rafiki wa kaka alikuja nyumbani na gari lililovalishwa bampa jipya, jekundu, lenye mdomo mpana. Kaka akaniita kama zamani. "Mwalimu, tuhakikie." Sikulizunguka gari. Niliomba kipande cha boksi, nikakitandika chini, nikalala chali na kumulika kwa simu. Yule rafiki alimwuliza kaka kama mimi ni fundi. Kaka akamjibu, "Hapana, huyu anasoma fasihi." Boriti ilikuwapo. Ndipo nilipoinuka, nikajipangusa vumbi mgongoni, nikaanza kuzungumzia mstari na rangi.